Sikio la Kushoto

Agatha Froese alikuwa na sikio moja la kazi.
La kushoto liliuawa na homa, akiwa na miaka sita,
katika nyumba ya mbao kaskazini mwa Saskatoon,
theluji imefika madirishani,
daktari yuko mbali, mwendo wa siku nzima kwa farasi.
Alitusimulia hayo siku ya kwanza, bila huzuni,
kama anayewaonyesha wageni choo kilipo:
"Mwenye shairi akae kulia kwangu.
Mwenye visingizio, kushoto."

Chumba chetu kilikuwa chini ya ardhi, jengo la kilimo,
kwa kuwa fasihi ilikosa nafasi kwingine.
Bomba la joto liligonga ukutani, ngo, ngo-ngo, ngo,
naye akalifuatisha kwa kidole mezani.
"Hilo," akasema, "lina mizani kuwashinda nyote."

Tulikuwa tisa.
Orest Kozak, ambaye hakuandika ila farasi.
Darlene, muuguzi wa zamu ya usiku,
aliyesinzia katikati ya somo
akaamka na mstari mzima mdomoni.
Na mimi, binti wa dereva wa katapila la theluji,
niliyejaza kila ubeti roho, milele, giza,
maneno ya kuokota,
yangali na joto la mikono ya wengine.

Nikasoma. Akageuza kichwa polepole,
kama mlango wa ghala unaosukumwa na upepo,
hata lile sikio lililokufa likanielekea.
Sikio la kufa halisikii dawa.
Lake halikusikia sumu pia.
Nikaendelea, mashavu yakiwaka,
mpaka pale baba anaporudi alfajiri
na kuweka glavu juu ya jiko, zikafuka mvuke.
Kichwa kikarudi.
"Hapo. Anzia hapo. Zilinuka nini?"

Dizeli, nikasema. Na mbwa.

"Basi andika mbwa."

Kwa penseli ya kijani alifyeka mistari ishirini na sita.
Zikabaki glavu.
Nilimchukia hadi mwezi wa nne, barafu ya mto ilipopasuka.

Vitabu vyake ni viwili, vyembamba,
na duka lililoviuza sasa ni kliniki ya meno.
Kimoja ninacho. Ukurasa wa kumi na tisa
amelikata neno lake mwenyewe, lililokwisha kupigwa chapa:
"mvua" imefutwa, pembeni ameandika "manyunyu".
Nikamwuliza Orest. Nakala yake inasema "rasharasha".
Ya Darlene amefuta, hakuandika kitu.

Alikufa Februari. Nilikuwa nakwangua barafu kwenye kioo cha gari
Orest aliponipigia. Akasema, amekwenda,
kisha akaanza kunieleza juu ya jike lake la farasi,
kwamba kwato moja ina ufa,
na mimi nikasikiliza habari za kwato mpaka vidole vikafa ganzi.

Kanisani mpwa wake alisema nuru, akasema safari, akasema urithi.
Tulitazamana, sisi wa chumba cha chini.
Baadaye, kahawa, na ile mikate midogo
inayookwa miwili miwili, mmoja umempanda mwenziwe.
Darlene ndiye aliyemhudumia wodini juma la mwisho.
Alisema nini? tukamzonga, tukitaraji mstari.
"Nilimwuliza kama anataka glasi ya maji.
Akasema, hicho ni kikombe cha plastiki,
usikiite glasi."

Walimzika Mei, ardhi ilipolegea.
Sikuwapo siku hiyo. Nilikwenda Jumanne, peke yangu,
na karatasi moja mfukoni.
Jiwe lilikuwa bado. Udongo tu, mrefu, haukusema
kichwa kipo wapi, miguu ipo wapi.
Nikamwuliza kijana wa kukata nyasi.
Akazima mashine, akafikiri, akanyoosha kidole.

Nikazunguka, nikahamia kulia,
nikakohoa.