Sadi na Sadi

Rula ya bati niliipigilia mwenyewe ukutani,
mwaka wangu wa kwanza kazini, Wadi Sarim, kusini ya Ibra.
Mita nne na nusu siku ile. Maji ya kijani,
yametulia kama mgeni asiyeaga.

Watu wa Maskati walikuja Ijumaa na majiko yao ya mkaa,
wakaliita ziwa.
Shangazi Zuwena, mzaliwa wa Wete, akasonya:
Ziwa gani lisilo na pa kutokea? Beseni hilo.

Ndani ya beseni, tope.
Miaka thelathini na moja ya tope, laini kama uji wa mtoto,
limelalia changarawe walipokuwa wakitaga sadi.

Sadi ndilo jina la samaki huyu,
urefu wa kidole cha kati, mdomo chini ya kidevu,
mlamba mawe.
Na ukuta wa kuzuia maji nao ni sadi.
Mwarabu huwatenga kwa herufi moja nzito;
sisi tuliolelewa Kiswahili jikoni
tunawalaza samaki na ukuta kitanda kimoja.

Shafiqul alianza kubomoa Jumanne,
jiwe baada ya jiwe, kwa buldoza lenye adabu.
Mimi namsomea: nne na kumi. Tatu sitini na mbili.
Mbili tisini.
Anazima injini, tunakunywa chai ya maziwa,
tunayapa maji muda wa kuelewa.

Hilal bin Zahran hakuelewa.
Pampu yake ilinyonya hewa, ikakohoa,
na mitende yake kumi na miwili ikinitazama.
Nilimwandikia namba ya ofisi kwenye risiti ya petroli.
Ndicho nilichokuwa nacho.

Kisha viota vya perege vikatoka nje,
duara kavu, duara kavu,
kama sahani ambazo hakuna aliyekubali kuziosha.
Perege waliletwa na mtu, hakuna anayesema nani.
Yangeyange walikula siku tatu.
Watoto wa Badriya walichota sadi kwa ndoo za rangi
wakawapeleka juu, kwenye chemchemi,
wakibishana nani kamwaga nani.

Halafu hakuna kitu.
Miezi saba rula ikining'inia kwenye kipande cha ukuta kilichobaki,
inapima upepo.
Ofisini wakaniuliza niandike nini. Sifuri, nikasema,
wakaandika: *kifaa kibovu*.

Machi, wingu moja juu ya jabali.
Mafuriko yalipita usiku kwa sauti ya malori,
yakabeba uji wote hadi nyikani.

Siku ya kumi na moja nikapiga magoti.
Changarawe imeoshwa, kila jiwe na rangi yake.
Maji ya kifundo cha mguu, yanakwenda.
Nikainua kokoto, nikainua nyingine;
kati yake, kama punje za sago zilizosahaulika sufuriani,
mayai. Ndani ya moja, doa jeusi likageuka.

Nikampigia shangazi.
— Mangapi?
— Niliyoyaona, ishirini na tatu.
— Na pampu ya Hilal?
— Bado yakohoa.
Akanyamaza. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.
— Basi kazi hujamaliza, akasema,
na rudisha hiyo kokoto ulivyoikuta.

Nilikuwa bado nimeishika.