Mkanda wa Nne

Filamu moja, sinema mbili:
Nuru pale Mwembe Tayari, Zumaridi kule Bondeni,
na katikati mimi, na baiskeli isiyo breki ya nyuma.
Mkanda ukiisha Nuru, Bwana Taibali huutia mkebeni:
"Haya, Badi, ruka!"

Ilitoka Japani. Maneno hatukuyajua,
ila panga tulizijua, na khiana tuliijua.
Mwanamke muuza miavuli ya karatasi
aingia ngomeni kwa adui, kichwa kakiinamisha,
barua imo ndani ya mpini wa mwanzi.
Akimpita mlinzi, viti vya mbele hulia:
"Kikulacho!"
Na wa juu hujibu, midomo imejaa njugu:
"Ki nguoni!"

Mimi niliona vipande.
Nilimwona akivuka sakafu iliyoundwa ilie
kama kifaranga mtu akiikanyaga,
naye akaikanyaga, isilie.
Niliona upanga ukitoka alani polepole
hata ukumbi mzima ukasahau kutafuna.
Kisha mkebe, tandiko, Barabara ya Salim.
Nikirudi, niliyemwacha hai kalala thelujini
na hakuna wa kunieleza nani kamuua.

Mkanda wa nne sikuuona kamwe. Ulikuwa mfupi.
Ukichezwa Nuru, niko njiani na wa tatu;
ukichezwa Zumaridi, nimerudi kuufuata wa tano.

Wiki ya pili, makuli wa Kilindini wakaanza kunong'ona mgomo.
Bwana mmoja akawa akaa kiti cha pembeni
na miwani nyeusi, gizani,
akihesabu vichwa.
Taibali akaukaza mkebe kwa ukanda wa ngozi:
"Ukianguka, anguka wewe."
Kule Zumaridi akaupokea Mwarapayo, kuli wa gati la tano,
asiye na kazi yoyote chumba cha mashine.
Akaufungua akinipa mgongo.
Nikasikia karatasi.
Filamu haina sauti ya karatasi.

Sikuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Usiku mmoja wa miwani akanisimamisha.
"Mna nini humo?"
"Wajapani."
Akauvuta mkanda chini ya taa ya barabara,
akaona mwanamke mdogo mara mia,
mwavuli mdogo mara mia,
akaurudisha ovyo, umejikunja kama utumbo.
Usukani wa baiskeli, usiku ule,
ulikuwa na kizibo kipya cha mpira.

Juzi mjukuu wangu Zuhura kaipata kwenye simu, nzima.
Nikamwambia, nitafutie pale katikati.
Hamna panga. Hamna khiana.
Mvua yanyesha, mwanamke kaketi kizingitini
abandika karatasi kwenye mwavuli uliochanika,
apuliza,
dakika tisa.
"Babu, nipeleke mbele?"
Ngoja, nikamwambia.
Ngoja gundi ikauke.