Kitambaa cha Meza

Siku ya tisa mlima haujaonekana.
Ukungu umeifunika Kinlochleven kama mfuniko wa sufuria,
na Bibi Ishbel, mwalimu wa jiografia,
ambaye tangu asubuhi amelisahau jina langu,
ananiuliza tena: kwenu kuna milima?

Ipo. Nimezaliwa Usangi, Upareni,
ambako ng'ombe hufungwa zizini,
maana akiteleza utamkuta kwa jirani wa chini
keshakuwa kitoweo.
Kukitakata alfajiri tuliiona theluji ya ng'ambo,
ile ambayo watu, sijui kwa dharau au kwa mapenzi,
waliiita kilima.

"Maana yake?"
Mlima mdogo, namwambia.
Mita elfu tano mia tisa, kasoro tano.
Anacheka mpaka chai inamwagikia sahanini.

"Lakini huo wenu mtoto," anasema,
"umetoka tanurini juzi.
Wetu mvua imeutafuna miaka milioni mia nne.
Unachokiona pale ni fizi."
Anaonyesha dirisha. Hakionekani kitu.
Meno yake yamo kwenye glasi, kando ya redio.

Nikamtupia methali, ya kumliwaza tu:
milima haikutani, binadamu hukutana.

Akanyamaza.
Akasogeza vikombe.
Akaweka viganja pembe mbili za kitambaa cha meza
akasukuma, taratibu, mikono ikimtetemeka,
na katikati kitambaa kikainuka,
kunjo juu ya kunjo, bonde, kilele, bonde.
"Ilikutana," akasema. "Ndiyo maana ipo."

Kisha bahari ikapasua njia.
Pande moja likabaki hapa kunyeshewa,
jingine likaenda zake Marekani,
Karolina Kaskazini, kwenye misitu
alikohamia kaka yake Torquil kupasua mbao
mwaka wa hamsini na nane.
Barua mbili. Halafu basi.
"Jiwe ni lile lile," anasema, "huku na huko."

"Na ya Upareni, ilisukumwa na nani?"
Sijui, Bibi.
Sisi tulikariri urefu, tukafanya mtihani,
tukashuka mlima kutafuta kazi.

Saa mbili usiku. Vidonge:
cheupe, cheupe, cha manjano.
Nanyoosha mkono nikitandaze kitambaa,
naye anaudaka, kwa nguvu nisiyoitarajia.
"Kiache," anasema. "Kiache kwanza,
wewe wa kilima."