Kurasa Arobaini

Niwaeli alilipa deni Jumanne,
kurasa arobaini za takwimu,
pesa kamili, hata ile mia tano
niliyokwisha kuisahau.

Natoa fotokopi hapa Rau, mkabala na lango la chuo.
Nawajua kwa wino: nani ana mtihani,
nani anaandika barua ya mkopo mara ya tatu.
Huyu alikuwa bingwa wa kubishana bei.
Siku hizi habishani.
Nywele zilezile tangu Pasaka,
sweta, na jua la Moshi linavyochoma.
"Mzima?"
"Mzima tu."
Hiyo "tu" ilinikaa kooni kama mwiba wa perege.

Jana kaniachia kikokotoo chake.
"Mpe yeyote, Mama Ndeshi. Mimi sikihitaji."
Na mitihani ni wiki ijayo!
Nikapokea. Nikasema asante. Asante, mimi!
Karatasi ikakwama, nikainama kuivuta,
nilipoinuka hayupo.

Leo nimefunga kibanda saa mbili asubuhi.
Napanda ngazi za bweni, ghorofa ya tatu,
magoti yananilaumu.
Sijui nitasema nini.
Labda nitaanza na deni:
nitamwambia kurasa zilikuwa hamsini,
nami nitakaa hapo kitandani pake
mpaka abishane.