Mlango wa Kupiga Mara Mbili

Miaka kumi na minne ililala uani, Cheyo,
juu ya matofali, nyuma ya jiko la mama.
Kuku walitagia chini ya kiti cha dereva.
Majirani walisema, uza hilo chuma, Nyamizi, kilo ni pesa.
Sikuwaambia kwamba bodi ya Landrova si chuma,
ni aluminiamu, kutu haiigusi;
kutu ilishuka ikala kisichoonekana, chesisi,
kama deni linavyokula nyumba yenye mapazia mazuri.

Baba aliiendesha miaka ishirini, idara ya nyuki,
Sikonge, Ipole, hadi ng'ambo ya Ugalla,
kisha akainunua mnadani kwa kiinua mgongo chake chote.
Mama hakusema naye siku tatu.

Nilipofungua dashibodi, nyuki walikuwa ndani.
Si utani. Masega matatu nyuma ya saa ya spidi
iliyogoma kwenye maili arobaini.
Nikasema, wamemfuata kazini.
Tukafukiza usiku kwa matambara, mimi na Shija;
Shija akaumwa kwenye kope, akatukana,
akalamba vidole.

Jumamosi tu ndizo zangu.
Siku nyingine nipo Kitete, wodi ya mifupa,
nafunga plasta miguu ya watu.
Kwa hiyo nilijua: usiogope kukata,
ogopa kinachobaki chini ya kovu.
Fundi Mrisho alichomelea siku tisa.
Umeme ukikatika anakaa juu ya tairi
anasimulia ndoa zake, zote nne.
Nati ya difu ilikataa.
Mafuta ya taa, nyundo, dua,
kipande cha bomba kurefusha mkono wa spana,
watu wawili tukaning'inia —
ikalia kama mbuzi, ikaachia.

Kisha yale ambayo baba asingeyakubali.
Injini mpya, yaani mpya kwetu, ya dizeli,
kutoka Hailaksi iliyopinduka Urambo
na marobota ya tumbaku.
Dainamo nje, alteneta ndani.
Breki za diski mbele.
Usukani wa pawa: nauzungusha kwa kidole kimoja
na ninaona haya
nikikumbuka mabega yake.

Rangi niliirudia ileile, kijani cha mlenda uliopoa.
Kwenye mlango wa kulia kuna kibonde cha kiwiko;
Mrisho alishainua nyundo akinyooshe.
Nikamwambia, hapo pana mtu.
Kitasa cha mlango huohuo sikubadilisha,
na hapo msinisifu:
pesa ziliisha.

Jumapili nikaenda nayo Kipalapala na kurudi.
Zamani gia ya pili ilikuwa ikilia kwenye tuta la reli,
mlio ukamfikia mama kabla ya vumbi,
naye akafungua geti, akamwambia baba hajashuka bado:
"Maji yameshachemka."
Hakuongeza neno. Sijui kama walihitaji lingine.

Mimi nikavuka reli, gia zimenyamaza,
injini ikinong'ona lugha yake,
nikasimama getini.
Nikasubiri.
Nikapiga honi, nayo mpya.
Nikamsikia mama:
"Shija, kaangalie, kuna wageni."

Miezi kumi na saba. Vocha, mkopo wa Saccos,
kucha zisizotakata hata kwa sabuni ya hospitali.
Wageni.

Nikazima. Nikashuka. Nikafunga mlango,
haukushika.
Nikaufunga tena, kwa nyonga, kama yeye.
Ta.
Taa.

Ndani, ungo uliwekwa chini.
Kandambili zikaja upesi, kisha taratibu,
geti likavutwa.
Mama hakuniangalia.
Aliangalia upande wa dereva, kile kibonde,
punje za mchele bado zimemganda mkononi.

"Maji yameshachemka," akasema.

Nilipoingia jikoni kunawa,
mafiga yalikuwa baridi,
na paka amelala katikati yake,
juu ya majivu ya jana.