Mayungiyungi

Walileta mayungiyungi, kumi na mawili,
maana huku kwetu Kaunas maua ya msiba ni ya shufwa;
witiri ni ya harusi, ya kuzaliwa, ya walio hai.
Majagi yaliisha. Nikayatia kwenye ndoo ya kudekia,
nikaiweka chini ya dirisha, nikakaa
na viatu vyangu vya makaburini bado miguuni.

Paka alikuwa wa Rimvydas.
Mimi nilikuwa mke wa mwenye paka, basi.
Miaka tisa tulipishana ukumbini kama wapangaji
wanaodaiana: yeye mweupe, jina lake Kefiri,
mimi na ufagio, na manyoya yake kwenye sketi zangu nyeusi.

Rimvydas ndiye aliyefunga wavu kwenye roshani,
ghorofa ya tano, siku nzima, misumari mdomoni,
watu wa chini wakimuuliza anategea samaki gani.
Ndiye aliyeficha nyuzi na sindano zangu
mahali ambapo hata mimi sikuzipata hadi Pasaka.
Ndiye aliyebandika karatasi mlangoni pa friji,
kwa mwandiko wa fundi umeme, herufi kama nyaya:

*Kabla ya kuwasha mashine ya kufulia, tazama ndani.
Kitunguu, hapana. Chokoleti, hapana.
Zabibu kavu, hapana, hata akikuangalia namna ile.
Dirisha la jikoni lisiinamishwe. Hunasa shingo.*

Nilikuwa nikicheka. Nilimwambia,
mimi nina shinikizo la damu na hujanibandikia hata mstari.
Akasema: wewe ukiumwa unasema.

Usiku wa mazishi, saa nane, nilikwenda kunywa maji.
Kefiri alikuwa kando ya ndoo, na begani kwake
unga wa manjano, kama bizari.
Alikuwa anaulamba.
Sijui kwa nini macho yangu yalikwenda kwenye friji.
Mstari wa mwisho, chini kabisa, nusu umefunikwa na sumaku,
ambao kwa kucheka sikuwahi kuufikia:

*Mayungiyungi: kamwe. Hata chavua. Hata maji ya chomboni.
Usingoje atapike. Piga simu.*

Nikapiga. Sauti ya binti ikasema
mfute kwa kitambaa kibichi, mlete sasa hivi,
figo hazingoji asubuhi.
Tadas wa mlango wa pili aliendesha, pajama chini ya koti,
theluji ikitujia usoni mwa gari,
na mimi nyuma, paka ndani ya sweta ya Rimvydas
kwa kuwa kikapu chake sikujua kilipo.
Njia nzima, mimi niliyesimama kaburini mkavu kama kuni,
nilimwambia mnyama yule maneno
ambayo mtu yule alikufa hajayasikia.

Siku tatu za dripu.
Alirudi na mguu mmoja ulionyolewa, ngozi ya waridi,
hasira, na bili.
Maua nilikuwa nimeshampelekea mwenyewe,
yote kumi na mawili, nikayalaza juu ya udongo ulioganda.
Ulikataza, nikamwambia, basi kaa nayo wewe.

Sasa tuko wawili humu.
Shufwa. Hesabu ya wafu.
Kefiri hajui hesabu; anajua saa kumi na mbili,
na sauti ya kopo likifunguliwa vyumba vitatu mbali.

Leo nimeongeza mstari kwenye karatasi,
mwandiko wangu umelala upande, haufanani na wake:
*Kikapu kiko juu ya kabati la viatu.*
Kisha nikabeba nguo za kufua. Nikainama,
nikatazama ndani ya mashine.
Yumo. Amejikunja kwenye chuma baridi,
jicho moja wazi, ananipima.

Nguo hazina haraka.
Nikavuta kigoda.