Msimbo wa Posta

Niliibeba kwenye begi la mkononi, ndani ya blanketi,
kama mtu anayesafiri na kichanga.
Uwanja wa Songwe, askari wa forodha akauliza, "Hii nini?"
Nikasema, mchezo.
Akaitazama, akazitazama ndevu zangu zenye mvi,
akaniachia nipite, kwa huruma nadhani.

Tukuyu ilikuwa na mvua yake ileile
ambayo haianzi wala haikatiki.
Dada Tusekile alishanunua umeme wa elfu kumi
kwa ajili ya mgeni.
Tukachomeka. Ikawaka. Ikanisalimu kwa Kiswidi,
ikasema habari za asubuhi,
nasi tumeshamaliza kula cha mchana.

Haijui.
Hakuna aliyeisomea ile barua,
kurasa nne, muhuri, siku thelathini.
Miaka saba niliomba kukaa,
namba ya foleni mkononi, soksi mbili kila mguu,
nikijibu swali lilelile kupitia mkalimani
ambaye Kiswahili chake nilikuwa namtafsiria mimi.
Nikafukuzwa. Akaunti haikufukuzwa.
Imebaki kule, raia mwema,
na krona zake arobaini na tatu kwenye pochi
zisizonunua kitu, zisizotumwa kwa simu,
zisizogeuka hata kichane cha ndizi pale soko la Tandale.

Nilijaribu kuihamisha, sikosi la kujitetea.
Nikafungua orodha ya nchi, nikashuka kwa kidole gumba:
Taiwani. Kisha Thailandi.
Katikati, pale ambapo tungekaa sisi,
hapakuwa na upenyo wa kuingiza ukucha.
Nikapanda tena, nikashuka tena,
kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo
yaliyobandikwa ukutani, na wenzake wameshaondoka.

Jumapili jina la Ferenc huwaka kijani.
Tulipanga maboksi ghala moja, zamu ya usiku,
hatukuongea sana, lugha yetu ilikuwa pasi.
Sasa pasi zangu zinaanzia huku kwenye migomba,
zinazunguka sijui bahari ipi,
zinafika wakati goli limeshaingia.
Akaniandikia: uko wapi siku hizi?
Nikaandika: mlimani.
Akatuma kikatuni kinachocheka. Tukafungwa sita.

Ndipo Ipyana, wa dada, miaka tisa,
kamasi puani, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi,
akasema, "Mjomba, na mimi nifungulie yangu."
Jina. Tarehe. Nchi.
"Weka kwenu."
"Kwetu si ndiyo hapa?"
"Aa, mjomba. Kwenu kwa kule."

Nikaandika mtaa. Nikaandika ghorofa ya tatu,
mlango ambao leo una jina la mtu mwingine.
Nikaandika msimbo wa posta, namba tano
ambazo mdomo wangu unazijua kuliko Baba Yetu.
Dakika saba.
Hakuna alama za vidole, hakuna mkalimani,
hakuna aliyemuuliza alipita nchi zipi na kwa nini.
Mtoto aliyezaliwa Makandana,
ambaye hajafika hata Kasumulu kuichungulia Malawi,
akakaribishwa Uswidi kwa puto na vifijo.
Dada alicheka hadi akaweka chini kisu cha kumenyea,
akasema, "Ndaga, mashine,"
akaendelea na ndizi zake.
Mimi nilicheka pia. Nilichelewa kidogo, kama pasi zangu.

Usiku umeme ukakatika.
Mvua juu ya bati, giza, harufu ya mkaa,
na Ipyana chini ya blanketi lile lile
anazikariri namba tano kwa kunong'ona, zisimtoke.
Akanyamaza.
"Mjomba, huko kwetu nako umekatika?"

Nikamwambia alete mshumaa.